Mzambarau wa Kituo cha Tano

4 Mei

Kwa Katibu wa Chama cha Matembezi ya Jumamosi,

Mimi mzima. Hofu na mashaka ni juu yako, na safari hii nayaandika kwa maana yake kamili.

Mimi ni binti wa Mshika Mlango. Naishi mbali, saa tisa kwa basi, na kazi yangu ni kusahihisha prufu, kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji. Mama yangu bado anakaa katika nyumba ileile ya matofali, pale penye mlango wa maji, yenye dirisha moja linaloangalia mto. Unaijua. Jumamosi mbili kila mwezi unawaleta watu arobaini chini ya dirisha hilo, na kofia zao na chupa zao, unawapanga kivulini mwa mzambarau, unawaambia kwamba wakati wa mafuriko baba yangu aliwaacha wenzake wawili wafe maji, yeye akakwea mti kama kima. Halafu unasubiri wacheke. Mama anasema unajua kusubiri.

Amekupimia saa. Hapo kwake unasimama dakika kumi na mbili. Kwenye tanuri la matofali unasimama tano.

Baba amefariki mwaka wa sita huu, hawezi kukujibu. Mama ana miaka sabini na mitatu. Siku hizi kila Ijumaa jioni anafunga dirisha na kuliegemezea ubao, na Jumamosi yote hatoki nje. Mwezi uliopita muuza mkaa alimwita Mama Kima, kwa upole kabisa, akidhani ndilo jina lake.

Sasa nasikia tarehe 14 Juni mtasimamisha jiwe hapo, lenye maneno hayohayo. Ya mdomoni hupita. Ya jiweni hayapiti. Nataka mawili: jiwe lisisimame, na wewe unyamaze. Sikuombi. Nakuarifu.

Binti wa Mshika Mlango


10 Mei

Binti yangu,

Barua yako nimeipokea. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne na nimetukanwa na wazazi wenye kalamu kali kuliko yako, kwa hiyo sikukasirika. Nimeisoma mara moja, nikanywa chai yangu.

Chama chetu kina kanuni: hatusemi tusichoweza kukionyesha. Kituo cha kwanza ni tanuri, na tunaonyesha matofali yaliyoungua upande mmoja. Cha pili ni daraja la reli, tunaonyesha mwaka uliopigwa kwenye chuma. Cha tatu ni matete, ambamo tumehesabu aina kumi na tisa za ndege, mdiria akiwamo. Cha nne ni machimbo ya kokoto. Cha tano ni mlango wa maji. Hapo tunaonyesha gurudumu ambalo baba yako aliinulia mlango kuachia maji ya mto, tunaonyesha mti, na tunasema alichoandika baba yako kwa mkono wake katika daftari la zamu. Daftari ninalo. Idara ya maji ilikuwa inalitupa, nikaliokota jalalani.

Kabla yetu, watu wa mji huu walivuka mto wao kila siku bila kujua unatoka wapi. Leo wanajua, na wanajua uliwahi kufanya nini na nani alikuwa wapi ulipofanya. Historia si mshenga, binti yangu. Haikutumwa kusifia familia ya mtu.

Nakuletea kijitabu chetu, tulichokichapa mwaka jana. Kina kurasa ishirini. Usijichoshe nacho chote. Soma ukurasa wa 14, ndio unaokuhusu.

Jiwe liko kwa fundi. Msalimie mama.

Mwalimu (mstaafu)
Katibu wa Matembezi


16 Mei

Mwalimu,

Mimi si binti yako. Mwenye haki ya kuniita hivyo yuko chini ya ardhi, na ni huyohuyo unayemfanyia mzaha.

Nimesoma ukurasa wa 14. Mstari wa pili umeandika "garika"; ni gharika. Mstari wa tano umeandika "mafuriko yalioleta", ni yaliyoleta. Hayo ni madogo, mwanafunzi wako wa darasa la sita angeyaona. Kubwa ni hili hapa, nalinakili lote: "Wenzake wawili walipochukuliwa na maji, miaka arobaini iliyopita, Mshika Mlango aliukwea mzambarau huu akakaa humo hadi maji yalipopungua, kama alivyoandika mwenyewe."

Alama za kunukuu ziko wapi? Katika kazi yangu, mtu akisema "kama alivyoandika mwenyewe" kisha asinukuu, nashika kalamu nyekundu. Baba aliishia darasa la nne. Maisha yake yote sikumsikia akitamka neno "kukwea". Hilo ni neno la mwalimu. Nataka maneno yake yeye, na nukta zake, na makosa yake.

Swali la pili. Baba yangu umempa mistari sita. Waliokufa umewapa maneno mawili, "wenzake wawili". Walikuwa kina nani? Au hukupata la kuchekesha juu yao?

Salamu zako kwa Mama sijazifikisha. Hazikuwa na uzito wa stempu.

Msahihishaji


20 Mei

Bibi Msahihishaji,

Jumamosi tulipokuwa kituo cha tano, mama yako aliondoa ubao, akafungua dirisha, akatumwagia beseni zima la maji ya vyombo. Yalinipata mimi. Yalimpata Bwana Miti, afisa misitu mstaafu anayetembea nasi, mtu asiyemkosea hata mchwa. Yaliipata ramani. Mkunga mmoja, mwanachama tangu mwaka wa kwanza, alirudi nyumbani na majani ya chai sikioni. Nilipomwuliza mama yako anafanya nini, akajibu kwamba yeye anamwagilia mti wake, sisi ndio tuliosimama njia ya maji. Watu arobaini walisikia jibu hilo. Watu wazima, wamelowa, wanaambiwa hivyo.

Umeuliza waliokufa walikuwa kina nani. Mmoja simjui, alikuwa kibarua wa siku tatu. Wa pili alikuwa kaka yangu. Tumbo moja. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mtaani walimwita Midomo. Maji yalimtoa siku ya nane, mbali chini, kwenye matete. Ndipo tunapohesabu ndege. Waulize wanachama: kituo cha tatu naonyesha kwa kidole tu, anayesema ni Bwana Miti.

Baba yako alikuja mazikoni akasimama nyuma. Hakumwambia mama yangu neno. Kwa miaka thelathini na mitano alipita mbele ya nyumba yetu akiangalia viatu vyake. Mtu asiye na hatia haangalii viatu.

Unataka maneno yake. Haya, pokea. Nimenakili kama yalivyo:

"Alhamisi. Maji futi kumi na moja yanapanda. Mlango umekwama na gogo. Wawili wameshuka kulitoa. Wamechukuliwa.
Ijumaa. Maji futi kumi na mbili. Nimetafuta.
Jumamosi. Maji futi tisa. Nimetafuta.
Jumapili. Maji futi sita. Nimepanda mti."

Basi. Kurasa zinazofuata ni vipimo vya maji tu, miaka na miaka. Ametafuta nini, kama si mahali pa kujificha? Na alipopapata akaona haya kupataja, mpaka Jumapili hatari ilipopita. Mimi sikuongeza kitu. Nililipa neno lake Kiswahili fasaha, nikaandika "aliukwea".

Jiwe linachongwa. Mama yako msalimie. La, usimsalimie.

Mwalimu


2 Juni

Bibi Msahihishaji,

Siku kumi na tatu, na kalamu yako nyekundu haijafika. Juzi Jumamosi tulipita kituo cha tano. Dirisha lilikuwa limefungwa, ubao mahali pake, maji hayakuja. Nilieleza kwa utulivu hadi mwisho na watu wakafurahi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Walikuwa hawajaonana na watu wanaodai daftari wakaletewa daftari. Kimya kingine ni kimya tu.

Fundi anasema jiwe litakuwa tayari wiki hii. Unakaribishwa siku ya kulisimamisha. Huna haja ya kuleta ndoo.

Mwalimu


4 Juni

Mwalimu,

Naandika barua hii katika nyumba ya mlangoni, mezani kwa Mama. Kama umeniandikia kule kazini sijaipata, na sina haraka nayo. Jumamosi mlipopita nilikuwa humu ndani, nyuma ya ubao, sikio kwenye ufa. Nilitaka nikusikie mwenyewe. Ni kweli, unajua kusubiri.

Nikuambie kitu ili ujue maneno yako yana nguvu kiasi gani. Ule ukurasa wa daftari ulivyonifikia, niliusoma mara moja na nikakuamini. Nilikuwa na miaka miwili wakati wa mafuriko. Baba hakulizungumza jambo hilo hata siku moja, na sisi watoto tulijifunza kutouliza. Kwa hiyo "Nimepanda mti" niliisoma kama ulivyonifundisha kuisoma. Nilikaa nayo wiki nzima kazini. Nilipitisha prufu yenye makosa manne. Kisha nikaomba ruhusa, nikapanda basi.

Mlipoondoka Jumamosi nilimwuliza Mama.

"Mama, Baba alipanda mti?"

"Si huo hapo?"

"Aliupanda kwa miguu au kwa jembe?"

Akaweka kisu chini. "Nimekusomesha ili uje uniulize hivyo?"

"Nijibu tu, Mama."

"Wakati wa mafuriko hapo palikuwa na nguzo ya kufungia kamba, na majani. Mti ungetoka wapi? Baba yako angekwea nini, majani?"

Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaacha kucheka. Alinieleza yote kwa kifupi, nami nayaandika kama alivyosema. Mchana wa Alhamisi wale vijana wawili walikula zambarau kwenye kibanda cha zamu. Yule mrefu alizipenda mno, midomo na ulimi vilikuwa rangi moja msimu mzima, ndiyo maana wakamwita Midomo. Kokwa waliziacha dirishani. Jioni maji yakaja na gogo. Baba aliwatafuta Ijumaa na Jumamosi kwenye matete, kwa mikono, akarudi magoti yamechubuka na kucha mbili hana. Jumapili akafungua kibanda, akazikuta kokwa palepale. Zilikuwa saba. Akazichimbia zote kando ya ile nguzo. Iliota moja. Mama ameinywesha maji ya vyombo tangu siku hiyo. Alikujibu ukweli mlipolowa, Mwalimu, na mbele ya mashahidi arobaini.

Sasa njoo kwenye kijitabu chako. Uliniambia nisome ukurasa wa 14. Nimesoma wa sita. Bwana Miti ameandika hivi, na wewe ukapitisha: "Mzambarau wa kituo cha tano umepandwa, haukujiotea. Kwa mzingo wa shina, umri wake ni miaka arobaini, pengine pungufu." Umepandwa! Hapo ulielewa ni kwa jembe. Kurasa nane mbele, baba yangu anasema "nimepanda", ukaelewa ni kwa miguu. Neno moja, kitabu kimoja, mwalimu mmoja. Na Alhamisi ameandika maji "yanapanda". Nayo yalikwea mti?

Kwa hesabu yako mwenyewe, siku ile ya mafuriko mti huu ulikuwa kokwa. Baba alikuwa na kilo themanini. Mwombe Bwana Miti akuonyeshe kokwa inayobeba kilo themanini.

Na ile "u" ya "aliukwea", na ile "huu" ya "mzambarau huu", hazimo daftarini. Umeziweka wewe.

Kuhusu viatu. Nilimwuliza Mama kwa nini Baba hakusema kitu kwa mama yenu. Akasema: "Kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia washuke." Alikuwa msimamizi wa zamu, gogo lilikuwa limeziba, akasema shukeni, wakashuka. Kwa hilo aliangalia viatu vyake mpaka alipokufa. Hilo ni kweli na sikufichi. Ukitaka kulichonga jiweni, chonga. Uongo siutaki.

Jiwe lisimamishe leo hii. Namaanisha mkono wa fundi, sio jiwe.

Binti wa Mshika Mlango


6 Juni

Mwalimu,

Salamu nyingi. Mjumbe wako amenikuta patasi mkononi. Umesema nisimame, nimesimama.

Jiwe limefika hapa: HAPA MSHIKA MLANGO ALIU. Mpaka hapo, kwa nionavyo mimi, halijamtukana mtu. Lakini jiwe halina raba. Na kuligeuza nyuma haiwezekani, nyuma lina ufa tangu machimboni, nilikwambia ukasema hakuna atakayeona. Kwa hiyo tafuteni neno linaloanzia hapo lilipofika. Msichelewe sana, kuna mtu analitaka kwa kizingiti.

Fundi Mawe


7 Juni

Kwa Binti wa Mshika Mlango, nyumba ya mlangoni,

Jana alfajiri nilikwenda kituo cha tano peke yangu na utepe wa kupimia. Mama yako aliniona dirishani. Nilipima shina mara tatu nikampelekea Bwana Miti vipimo. Alivitazama, akasema, "Si niliandika ukurasa wa sita?" Nikamwuliza kwa nini basi kwa mwaka mzima amesimama kando yangu akinisikia na hakusema kitu. Akajibu kwamba yeye anashughulika na miti, historia aliniachia mimi.

Kisha nikafungua daftari tena. Nilitafuta namna nyingine ya kulisoma. Nilitafuta kwa bidii, sikufichi.

Kuna jambo moja lililokata shauri. Katika barua yangu nilikuambia kaka aliitwa Midomo. Sikukuambia sababu. Hakuna aliye hai anayeijua sababu hiyo isipokuwa mimi, hivyo nilidhani. Mama yako ameitaja, pamoja na ulimi. Asingeweza kuibuni.

Kwa hiyo nimesema uongo miaka kumi na moja. Sikukusudia, lakini nilipenda, na mtu anayependa jambo halihakiki. Nilikuwa na miaka kumi na tisa alipokufa. Nilihitaji mtu wa kumlaumu, na baba yako alipita mlangoni kwetu kila siku. Tena nimewachekesha watu kwenye mti uliopandwa kwa ajili ya kaka yangu. Hilo nalijua bila wewe kuniambia, kwa hiyo usiniambie.

Sitaandika neno samahani. Darasani niliona wanaolitamka upesi ndio wanaorudia kosa.

Nimemsimamisha fundi. Barua yake naiambatisha. Napendekeza jiwe liendelee hivi: HAPA MSHIKA MLANGO ALIUPANDA MTI HUU. Ni neno lake mwenyewe, na linaanzia palepale lilipofika patasi.

Kwamba aliwaambia washuke, hilo sitalichonga. Aliwaambia wafanye kazi yao.

Mwalimu


8 Juni

Mwalimu,

Basi langu linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Barua hii utaletewa na Mama. Kama hataki kuileta kwa mkono ataiacha dirishani, uje uichukue.

ALIUPANDA sikubali. Neno hilohilo limetupeleka mahakama isiyo na hakimu kwa mwezi mzima. Wewe leo unajua maana yake. Mimi na wewe tukifa atakuja mwalimu mwingine mwenye kofia na watu arobaini, atasimama chini ya mti mkubwa wenye matawi mazuri ya kukalia, atasoma jiwe, na mmoja atasema, "Aliupanda? Alikuwa anakimbia nini?" Tumerudi kwenye kima.

Mwambie fundi aandike ALIUOTESHA. Linaanzia palepale. Hakuna mtu anayeotesha mti kwa miguu.

Na chini yake waandikwe wale wawili, kwa herufi zenye ukubwa uleule. Wa kwanza unalijua jina lake. Wa pili, kibarua, Mama anasema walimwita Ndugu Tatu kwa sababu alifanya kazi siku tatu tu. Kama huna zaidi ya hilo, andika hilo. Ulimpa nusu ya maneno mawili. Sasa apate lake.

Sharti la mwisho si langu, ni la Mama. Tarehe 14 utasimama palepale ulipokuwa unasimama, uwaambie watu kwamba ulisema uongo. Kwa sauti ileile ya kuwachekeshea. Amesema dirisha litakuwa wazi na yeye atakuwa anasikiliza, na kwamba umri umemwondolea usikivu kidogo. Mimi sijawahi kuona dalili hiyo. Ila nakuarifu.

Sijakusamehe. Na ni gharika, Mwalimu. Kwa "gh".

Binti wa Mshika Mlango


15 Juni

Binti wa Mshika Mlango,

Naripoti.

Jiwe limesimama. ALIUOTESHA imekaa vizuri, ingawa fundi ameibana "SHA" pembeni kidogo kwa sababu alikuwa amepimia neno fupi. Majina mawili yapo chini. Walikuja watu hamsini na wanne, zaidi ya siku nyingine yoyote. Nadhani muuza mkaa alikwisha kuwapasha habari. Naye alikuwapo.

Dirisha lilikuwa wazi. Mama yako alikuwa amekaa ndani, beseni magotini. Nilimwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Alinitazama kama mtu anayesubiri foleni isogee.

Nikasimama palepale. Nikasema: "Nilichowaambia hapa kwa miaka kumi na moja ni uongo. Mshika Mlango hakukwea mti huu. Haukuwapo. Aliwatafuta wenzake siku mbili, siku ya tatu akazichimbia kokwa za zambarau walizokuwa wamekula. Mmoja wao alikuwa kaka yangu." Mtu mmoja nyuma alicheka, kwa mazoea. Nikasubiri mpaka aliponyamaza. Ilichukua muda.

Mama yako akasema, "Sijasikia."

Nikarudia, kwa sauti zaidi.

"Hapo kwenye uongo," akasema. "Hapo ndipo sikusikia."

Nikarudia mara ya tatu, kuanzia kwenye uongo. Hakuna aliyecheka. Yeye akainuka, akayamwaga maji ya beseni shinani polepole, yote, mpaka tone la mwisho. Bwana Miti alikuwa amekwisha kusogea. Mimi sikusogea. Viatu viliingia maji na soksi.

Kisha akasema, "Marahaba," akafunga dirisha.

Mdogo wake Midomo